Shamba la Mlimani Hupimwa Likiwa Limelala

Ukitaka kugombana na mtu wa Usambara, mwambie shamba lake halifiki ekari. Nimepima viwanja na mashamba wilayani Lushoto kwa miaka mingi, na nimeona watu wazima, tena wa ukoo mmoja, wakiacha kusalimiana kwa ajili ya mita nne. Mara nyingi mita hizo hakuziiba mtu. Zimo kwenye mteremko, kati ya masale, mimea tunayopanda kuwa alama ya mpaka, ya juu na masale ya chini, na wote wawili wanazikanyaga kila siku wakienda kung'oa karoti.

Kabla ya mteremko kuna ekari yenyewe. Kwetu ekari ni "sabini kwa sabini". Hata mtoto wa shule ya msingi atakujibu hivyo. Muulize sabini za nini, hapo maneno yanaanza. Mmoja atasema hatua, mwingine mita, wa tatu atakuambia ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Ekari ni yadi za mraba 4,840. Yadi 70 mara 70 ni 4,900, kwa hiyo wazee waliohesabu hatua ndefu ya mtu mzima kuwa yadi moja walizidisha kidogo tu, kipande kisichomtosha hata mbuzi mmoja malisho. Yadi ikaondoka, mita ikaja, sabini ikabaki palepale. Mita 70 mara 70 ni mita za mraba 4,900, na ekari ni kama 4,047 tu. Mraba wa ekari moja una upande wa mita 63.6. Anayeuza "ekari" kwa futikamba ya mita anatoa nyongeza inayozidi sehemu moja ya tano bila kujua, na anayenunua kwa hatua za mtu mfupi anapunjwa naye asijue. Nimefika kitongoji ambako ng'ambo moja ya njia ekari ilikuwa ya hatua, ng'ambo ya pili ya mita, na bei ilikuwa moja.

Mimi kazini niliingia nikiwa mshika tepu. Mpimaji alikuwa na daftari, sisi tulikuwa na tepu, fito za mistari myekundu na myeupe, timazi (uzi wenye kizito nchani wa kuonyesha wima), panga na matope. Fundi mkuu wa kikosi chetu alikuwa mzee aliyeikuta cheni ya chuma bado ipo kazini, na alikuwa nayo moja iliyoshika kutu, anaitoa kwenye gunia kila akipata wanafunzi wapya. Cheni ile ilibuniwa na Mwingereza Edmund Gunter mwaka 1620: urefu futi 66, pingili 100. Hesabu yake ni tamu kweli. Cheni 80 ni maili moja, na cheni 10 za mraba ni ekari kamili, bila desimali za kukuumiza kichwa. Hata leo, ukikabidhiwa ramani ya enzi ya Mwingereza yenye namba za futi usizozielewa, zigawe kwa 66 uone. Futi 660 si namba ya bahati. Ni cheni 10 zilizonyooshwa na mtu aliyelala kaburini siku nyingi.

Yule mzee hakutufundisha kwa vitabu. Alitufundisha kwa kuturudisha. Mkipima mstari kwenda, mnaupima tena kurudi, na mkirudi hakuna anayeruhusiwa kukumbuka namba ya kwanza. Mita 148.26 kwenda, 148.31 kurudi, tofauti ni sentimita 5, ambayo ni karibu moja kwa elfu tatu. Hiyo aliikubali kwa shamba. Ikizidi moja kwa elfu, tulilala njaa mpaka tuipate. Nami nimeendelea hivyo hivyo kwa vijana wangu, na wananichukia hivyo hivyo.

Kazi ya tepu ina watu wawili na inataka wasikilizane. Wa nyuma anashika sifuri kwenye alama na kumwelekeza mwenzake kwa mkono, kushoto, kulia, mpaka fito yake iingie kwenye mstari. Wa mbele anavuta, anachomeka mshale wa chuma penye mwisho wa tepu, wanasonga. Wa nyuma anaokota kila mshale anaoufikia. Mishale iliyoko mkononi mwake ndiyo hesabu ya tepu zilizokwisha kupimwa, na ndiyo maana mishale ina idadi kamili, kwa kawaida 10, na huhesabiwa kabla na baada. Kosa la kusahau tepu nzima halionekani dogo kwenye karatasi, ni mita 30 au 50 za watu, lakini porini linaingia kwa urahisi wa ajabu, hasa akipita mtu anayemfahamu mmoja wenu na salamu zikawa ndefu. Na salamu za huku ni ndefu.

Nilichelewa kuelewa jambo moja ambalo sasa namwambia kila anayeanza. Makosa ya tepu si kama ya mizani ya sokoni, ambayo leo yanakuonea, kesho yanakupendelea. Mengi yanavuta upande mmoja. Ukitoka nje ya mstari, unasoma urefu mkubwa kuliko ulivyo. Tepu ikilegea hewani na kufanya tumbo, unasoma urefu mkubwa kuliko ulivyo. Ncha moja ikiwa juu kuliko nyingine, vivyo hivyo. Kwa hiyo ukipima tepu 20 hovyo, makosa hayafutani, yanajumlishana. Nayo hayafanani ukubwa. Kutoka nje ya mstari kwa sentimita 30 katikati ya mita 30 kunakuongezea milimita 6 tu, na ninaona vijana wakipoteza nusu saa kunyoosha fito huku tumbo la tepu wakiliacha lilivyo. Chukua tepu ya chuma yenye uzito wa gramu 25 kwa kila mita, ining'inize mita 30 hewani, uivute kwa nguvu ya kilo 5. Katikati itashuka zaidi ya nusu mita, na utasoma karibu sentimita 3 zisizokuwepo. Vuta kwa kilo 10, ziada inashuka hadi milimita 7. Mizani ndogo ya springi, ile ya kupimia samaki, inatosha kukuonyesha unavuta kiasi gani. Wengi wanajiamini na mkono wao. Mkono wa saa 2 asubuhi na mkono wa saa 9 alasiri si mkono mmoja.

Sasa mlima.

Huku kwetu tambarare ni chache, na zilizopo ziko mabondeni, zimejaa kabichi na nyanya. Kwingine kote ni mteremko. Umbali unaoandikwa kwenye ramani na kwenye hati ni umbali mlalo, yaani ule ambao ungeupata kama ungeunyoosha uzi usawa wa maji kutoka juu ya alama moja hadi juu ya nyingine. Mguu haukanyagi umbali huo. Mguu unapita juu ya udongo, na udongo wa mteremko siku zote ni mrefu kuliko uzi. Kwa mteremko wa nyuzi 5, mita 100 za udongo ni mita 99.62 za ramani, mtu hahisi. Nyuzi 10, ni 98.48. Nyuzi 20, ni 93.97. Nyuzi 30, mita 100 zimebaki 86.60, na hapo ndipo watu huitana wezi.

Kisa kinachonijia kila nikilieleza hili ni cha bibi mmoja mjane, kijiji cha juu ya Soni. Alimuuzia kijana wa jirani kipande cha shamba lake, na mkataba uliandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: kushuka mita 50, kukata mita 40. Tepu ililazwa juu ya udongo, masale yakapandwa pembe zote nne, pesa zikahesabiwa. Miaka ikapita bila neno. Kisha kijiji kikaingia kwenye upimaji wa hatimiliki za kimila, zile zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, nasi tukapima kama kazi inavyotaka. Kukata kulikuwa mita 40 sawasawa, kwa kuwa upande huo unafuata usawa wa mlima. Kushuka kulikuwa mita 45.3.

Kijana alipoiona namba ile alisema, mbele ya watu, "Bibi, umenila mita tano."

"Mimi?" bibi akasema. "Masale ulipanda wewe mwenyewe, mwanangu. Nioneshe lililotembea."

Watu wakanigeukia. Nikaanza na kosaini ya pembe, ile namba ya kuzidishia umbali wa mteremko ili upate umbali mlalo, na kabla sijamaliza sentensi nikaona macho yao yamehamia kwenye mikaratusi ya ng'ambo. Nikaacha. Nikamwomba kijana mwenyewe ashike tepu, tukailaza juu ya udongo kutoka masale hadi masale: mita 50 kamili, kama mkataba ulivyosema. Watu wakaguna. Kisha nikamwambia twende tena, safari hii kwa vidato.

Kupima kwa vidato ni hivi. Unaanzia juu, siku zote juu, maana anayeshika sifuri anaikandamiza juu ya ardhi na hatikisiki. Wa chini anainua tepu mpaka ilale, anateremsha timazi kutoka penye mita kamili, ncha ya timazi ikigusa ardhi anaweka alama, na hapo ndipo kidato kinachofuata kinapoanzia. Utajuaje kama tepu imelala? Wengine wana pima maji ndogo ya kuning'iniza. Mimi natumia njia ya mzee wangu: wa chini ainue na kuishusha tepu polepole mbele ya uzi wa timazi huku akisoma. Namba itapungua, itafika mahali, itaanza kupanda tena. Ile ndogo kuliko zote ndiyo tepu iliyolala. Jicho linadanganywa na mlima. Ukisimama kwenye mteremko unadhani kitu kilicholala kimeinuka, na karibu kila mshika tepu mgeni huishusha ncha yake chini kuliko inavyotakiwa. Namba haidanganywi na mlima.

Mteremko ule ulikuwa wa nyuzi 25. Kwa pembe hiyo, kila ukienda mita moja mlalo unashuka sentimita 47, kwa hiyo mtu wa kimo cha kawaida, akiishika tepu usawa wa kifua, hapati zaidi ya mita 3 kwa kidato. Tulikwenda vidato kama 15, kijana akihesabu kwa sauti na watoto wakimwitikia. Tulifika chini na mita 45.28. Hesabu ya pembe ilikuwa imetoa 45.32. Sentimita 4 hizo ni za timazi kuyumba na upepo, na kwa vidato vingi hivyo nilizipokea kwa shukrani.

Basi sasa namba mbili zimesimama mbele ya kijiji, 50 na 45.28, zote zimepimwa na mnunuzi mwenyewe kati ya masale yaleyale. Hakuna wa kumwita mwizi. Kilichobaki ni ipi iandikwe, na kwa nini.

Nilimuuliza kijana: ukijenga nyumba hapa, sakafu utailaza au utaiacha iteremke? Utailaza. Migomba yako inaota kuelekea wapi, juu au kuelekea mlima? Juu. Mvua inayonyesha juu ya kipande hiki inatoka angani moja kwa moja, na mawingu hayajui kama chini kuna mteremko. Nafasi ya nyumba, ya mti na ya mvua ni ile ya kulala. Na kuna sababu nyingine, ambayo kwa mpimaji ndiyo kubwa: udongo hubadilika. Kijana yule alikuwa na mpango wa kukata matuta ya ngazi. Siku akiyakata, mtu anayepanda na kushuka kila ngazi kwa kufuata udongo atapita mita 45 za kulala na mita 21 za kusimama, jumla 66, na hakuna aliyesogeza mpaka hata unyayo. Hati gani hiyo ambayo shamba linakua kwa jembe? Umbali mlalo ndio pekee ambao mvua, mmomonyoko na jembe haviugusi, na ndio pekee unaoweza kuwaweka majirani wote wa kijiji kwenye karatasi moja bila mashamba kupandana.

Bibi alikuwa amenyamaza muda wote. Akasema, "Sawa, mjukuu wangu. Lakini jembe langu halilimi hewani."

Na hapo alikuwa na haki. Nimelifikiria neno lile mara nyingi. Anayelima mteremko anaulima wote, mita 50 si 45. Magugu hayaoti kwenye ramani. Akitaka vipando vya majani ya guatemala vya kuzuia udongo, au kibarua wa kupalilia kwa mita, hesabu yake ni ya udongo. Vitabu vya upimaji vinauita umbali wa mteremko kana kwamba ni kosa la kusahihishwa, na sisi tunaolelewa na vitabu hivyo tunaishia kuamini kwamba ule mwingine ndio umbali wa kweli. Yote mawili ni ya kweli. Ni kazi mbili tofauti.

Niliwahi kuona hasara ya kulisahau hilo kwa upande wa pili. Mradi mmoja wa maji ya mserereko ulikuwa unaleta maji kutoka chemchemi hadi tenki la kijiji, na aliyeagiza mabomba, ambaye sitamtaja, alipima kwenye ramani kwa rula. Ramani ilimpa mita 1,200. Chemchemi ilikuwa mita 300 juu ya tenki. Hata kama ardhi ingekuwa imenyooka kama ubao, bomba lingehitaji karibu mita 1,237, na ardhi ya Usambara haijawahi kunyooka. Ina mabonde na migongo njia nzima. Mabomba yaliisha kijiji kikionekana. Waya wa uzio, kamba, nyaya za umeme, bomba: hivyo vinapita juu ya udongo au vinaufuata, na vinanunuliwa kwa umbali wa udongo.

Mkataba wa bibi uliisha vizuri. Kwenye kazi yetu alama iliyowekwa ardhini kwa makubaliano ina nguvu kuliko namba iliyoandikwa baadaye, na masale yalikuwa yamesimama. Mpaka haukuguswa, bei haikuguswa. Hati ikabeba mita za mraba zipatazo 1,813 badala ya 2,000 alizozizoea kijana kichwani, na mwenyekiti akaongeza mstari kwenye mkataba kwamba mita 50 zilipimwa juu ya ardhi. Tangu hapo nikiombwa na watu kuwasaidia kuandika mauziano, nasisitiza maneno hayo yawepo: zimepimwa juu ya ardhi, au zimepimwa zikiwa mlalo. Maneno machache, na wajukuu watalala usingizi.

Wazee wa huku wana sababu zao za kumtazama kwa jicho la pembeni mtu anayepanga vigingi mlimani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha watu wa Usambara kuchimba matuta kwa amri, kwa vipimo vyake yenyewe. Watu walikataa, na mpango ule ukafa kabla ya uhuru. Kwa hiyo mimi huanza kwa kupima mbele ya wenyewe na kuwapa tepu mkononi. Inachelewesha kazi. Inapunguza kesi.

Kuhusu vidato na pembe, kipi bora? Kwa mteremko wenye matuta, mawe na migomba katikati, vidato. Kwa mteremko mkali ulio safi, laza tepu, ivute vizuri, upime pembe, kisha uzidishe kwa kosaini. Ila pembe iheshimu. Kosa la nyuzi moja kwenye mteremko wa nyuzi 5 linakuharibia mita 50 kwa sentimita 8 hivi. Kosa hilohilo kwenye nyuzi 25 linakuharibia kwa sentimita 37. Yaani pale ambapo pembe ni muhimu zaidi ndipo inapoadhibu zaidi. Na mtego ambao nimeukuta kwa wengi ni wa jicho: unasimama, kifaa kiko usawa wa macho, mita moja na nusu juu ya ardhi, halafu unalenga kwenye shina la fito ya chini. Hapo umepima pembe isiyo ya ardhi. Kwa mita 50 ni kosa la nyuzi karibu 1.7. Funga kitambaa kwenye fito usawa wa macho yako, ulenge kitambaa. Mteremko ukiwa mdogo huna haja ya pembe kabisa. Pima tofauti ya kimo kati ya ncha mbili, izidishe kwa yenyewe, uigawe kwa mara mbili ya urefu, kisha uondoe jibu kwenye urefu. Mita 1 ya kimo kwenye tepu ya mita 30 inaondoa milimita 17. Mita 3 zinaondoa sentimita 15, mara tisa, na wengi hushangaa kwa kuwa walitarajia mara tatu.

Joto ni hadithi ya kule chini. Lushoto ni baridi na asubuhi ya Juni vidole vinakufa ganzi, lakini ukishuka barabara ya Soni hadi Mombo, kwenye mikonge, jua ni jingine. Tepu za chuma husahihishwa kwa nyuzi 20 za joto. Kila nyuzi moja inayozidi inairefusha tepu ya mita 50 kwa karibu milimita 0.6. Tepu iliyolala juu ya mchanga saa 8 mchana ikifika nyuzi 40 imeshakuwa ndefu kwa milimita 11 na nusu, na tepu iliyorefuka inasoma pungufu, kinyume cha yale makosa mengine. Kwa kiwanja haina maana. Kwa mpaka wa kilomita 2 wa shamba kubwa, kosa linafika karibu nusu mita, na majirani wa shamba kubwa huwa na mawakili. Tepu za nyuzinyuzi zilizofunikwa plastiki, zile za njano zinazouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, zinafaa kwa bustani na msingi wa choo. Zinavutika. Nilipata moja ambayo baada ya misimu miwili ya mafundi ilikuwa imeongezeka kwa kiganja kizima. Nyingine zimekatika mwanzoni na kuungwa kwa selotepu. Ukipewa tepu usiyoifahamu, itazame sifuri yake iko wapi, maana nyingine huanzia ukingoni mwa pete na nyingine ndani yake, kisha uilinganishe na tepu ya chuma unayoiamini kabla hujaondoka ofisini.

Siku hizi vijana hawana tepu. Wana totali stesheni, wanabonyeza, mwanga unaenda kwenye prizma na kurudi, na kioo kinakupa umbali wa mteremko, umbali mlalo na tofauti ya kimo, vyote mara moja. Ni kitu kizuri mno, sijutii cheni. Ila kuna mistari mitatu kwenye kioo, na nimeona mtu akinakili ule wa juu siku nzima kwa kuwa ulikuwa wa juu. Na wenye vipokezi vya setilaiti wana umbali wa nne, ambao hata wapimaji wengi wakubwa hawauzungumzi.

Kijana mmoja wa kikosi chetu alinijia amekunja uso. Bikoni mbili za barabarani, yaani alama za upimaji, nilizozipima kwa tepu, na yeye akazithibitisha kwa totali stesheni, zilikuwa mita 100.00 mlalo. Setilaiti ilipompa koordineti, yaani namba za mahali, za UTM, ambayo ni gridi ya ramani, akatoa na kuzidisha, akapata 99.95. Akadhani kifaa kimeharibika. Hakikuharibika. Koordineti zile haziko juu ya Lushoto. Ziko kwenye karatasi. Kwanza zimeshushwa hadi usawa wa bahari, na Lushoto iko kama mita 1,400 juu yake, ambako mistari miwili ya timazi iko mbali kidogo kuliko ilivyo kule chini, kwa kuwa yote inaelekea katikati ya dunia. Hiyo peke yake inakula karibu sentimita 2 kwa mita 100. Kisha zimetandazwa kwenye gridi ambayo mstari wake wa kati, kwa kanda yetu ya 37, uko nyuzi 39 mashariki, na kwenye mstari huo kila urefu umezidishwa kwa 0.9996 kwa makusudi, ili makosa ya kutandaza mviringo yagawanywe pande zote. Kwa Lushoto, jumla ya yote mawili inakaribia sentimita 5 na nusu kwa kila mita 100. Uzi wetu uliolala, tuliouhangaikia kwa timazi na kitambaa, kumbe una ndugu mfupi.

Kwa kiwanja cha mita 20 ni sentimita moja, hakuna atakayejua. Kwa uwanja wa shule, kwa barabara au kwa msingi wa jengo refu, fundi wa ujenzi atanyoosha tepu yake juu ya ardhi, si juu ya gridi, na mita 500 zake zitapishana na zako kwa sentimita 27. Nilimwambia kijana afanye safu mbili kwenye daftari, moja ya umbali wa ardhini, moja ya umbali wa gridi, na juu ya ukurasa aandike namba ya kugawia, ambayo kwa mji wa Lushoto ni karibu 0.99945. Ukimkabidhi fundi koordineti, mkabidhi na namba hiyo, kwa maandishi, na uweke nakala yako.